Hotuba Iliyomlisha Mama Makombo

Tobias Wesonga ana sauti ambayo ilistahili kupewa mtu mwenye kituo cha redio. Akikuambia sukari imeisha, unaweza kutokwa na machozi. Tumefundisha pamoja miaka mingi katika chuo kidogo kilicho juu ya maduka ya simu katikati ya jiji, yeye ulumbi, mimi mapishi, na ukuta ulio kati ya madarasa yetu ni wa mbao nyembamba. Wanafunzi wangu wamejifunza kukaanga vitunguu huku wakisikiliza namna ya kufungua hotuba. Wengine, nikitazama vitunguu vyao, naona walichoelewa ni hotuba.

Ni mtu wa Kimilili. Alikuja Nairobi na cheti cha sekondari na shati moja la kanisani, akapakia mizigo, akauza vitabu vilivyotumika, kisha watu wa Kangemi wakagundua kwamba akishika kipaza sauti kwenye harusi wageni hawaondoki kabla ya keki. Kutoka hapo akasoma stashahada ya mawasiliano masomo ya jioni, na chuo chetu kikamwajiri. Anavaa tai kila siku, hata siku ambazo maji yamekatika na sisi wengine tumekuja na nywele zimefungwa kitambaa. Watoto wa chuo wanampenda kweli. Anajua majina yao yote, na hakuna aliyewahi kumwona akimcheka mwanafunzi anayetetemeka mbele ya wenzake.

Kosa lake lilikuwa kanuni moja. Aliiita kidonda. Hadhira, alikuwa akiwaambia, haikumbuki hoja. Inakumbuka mahali palipouma. Tafuta kidonda chako, kisha kipe makao: taja mtaa, taja kiti, taja chakula kilichokuwa mezani. Nilimtania mara nyingi kwamba kama ni vidonda, awapeleke watoto hospitali ya rufaa pale Upper Hill, wakashinde huko. Alicheka na kuendelea. Na mashindano yalimuunga mkono. Kila mwaka kwenye mashindano ya ulumbi wa Kiswahili ya vyuo vya kati, mwenye hoja alirudi na cheti cha kushiriki na mwenye kidonda alirudi na kombe. Mkurugenzi wetu, Bwana Norman, ameyapanga makombe hayo kwenye mapokezi ili mzazi anayekuja kuulizia karo ayaone kabla hajauliza.

Ikafika mahali vidonda vikawa vinatengenezwa. Kijana mmoja anayeitwa Muasya aliingia na hotuba nzuri juu ya ufugaji wa nyuki, akatoka na hotuba juu ya baba mlevi. Baba yake ni shemasi, hanywi hata soda yenye rangi. Siku ya kutoa zawadi mzee alikuja na suti yake, na mama mmoja asiyemjua akamshika mkono na kumwambia azidi kupigana na pombe, Mungu anaona. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, Tobias akiwa wa kwanza, na baba Muasya mwenyewe akacheka. Kombe lilikuwa limeshakuja. Hakuna aliyeona ubaya.

Ndipo akaja Jacklyne.

Jacklyne ni msichana wa Kangemi, mpole, mrefu, anayeinamisha kichwa kidogo kama anayeogopa kugonga mlango. Mama yake, Everlyn, alikuwa akifanya kazi katika nyumba moja ya Wahindi upande wa pili wa barabara, Loresho, tangu Jacklyne akiwa darasa la awali. Mwenye nyumba ni Chanchal, ambaye Everlyn humwita Mama Nayan kwa jina la mwanawe. Pamoja nao anaishi mama mkwe wa Chanchal, bibi kizee ambaye nyumba nzima inamwita Ba.

Hotuba aliyoileta Jacklyne mara ya kwanza niliisikia yote kupitia ukutani, na nilizima jiko ili niisikie vizuri. Ilikuwa juu ya Everlyn na Ba. Ba hakujua Kiswahili cha kutosha kuomba chumvi, na Everlyn hakujua neno la Kigujarati. Basi walifundishana jikoni. Ba alimfundisha kusukuma chapati nyembamba zinazoumuka motoni, akimpiga kofi dogo mkononi kila alipokosea, na Everlyn akamfundisha Ba kusalimu Kibukusu. Sasa Ba hukaa kwenye bembea ya mbao barazani na kumsalimu kila anayepita getini, "Mulembe," hata polisi, hata mtu wa kusoma mita ya maji, na hata Everlyn anamwita Mulembe. Darasa zima lilicheka kile kicheko cha watu waliofurahi. Mimi nilisikia hotuba ya mtoto anayejivunia mama yake, na nilidhani kazi imekwisha.

Tobias alidhani haijaanza. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kujipunguzia. Alimbakisha Jacklyne darasani akamwambia hotuba ni tamu, lakini ni tamu tu. Akamuuliza mama yake hula wapi katika nyumba ile. Jikoni, Jacklyne akasema. Anakula nini? Wali na dengu, kile wanachokula wao, na siku nyingine anajipikia ugali. Kabla yao au baada yao? Baada yao, akimaliza kazi. Tobias akageuka akaandika neno moja ubaoni: makombo.

"Lakini mwalimu, si makombo," Jacklyne alisema. "Yake inapakuliwa kwanza, inafunikwa."

"Jacky, hakuna mtu atakuja kupekua sufuria. Wamama wangapi wanakula makombo kwa nyumba za watu hapa Nairobi? Hao wote hawana mdomo. Utakuwa unawasemea."

Hilo ndilo lililomshinda nguvu. Angeambiwa aseme uongo ili ashinde, angekataa. Aliambiwa awasemee wanyonge, na mtoto aliyelelewa vizuri anakataaje? Tobias aliniambia kwamba jibu lile lilimjia haraka, na kwamba alipanda gari la kwenda nyumbani siku hiyo akiwa amefurahishwa na nafsi yake.

Hotuba ikapasuliwa na kushonwa upya. Salamu za Kibukusu zilitoka, kwa sababu zilichekesha. Chapati zilitoka. Loresho ilibaki, bembea ya mbao ilibaki, bibi kizee anayebembea ilhali mwingine anainama alibaki, maana kidonda lazima kiwe na makao. Na mwisho kabisa, baada ya kimya kirefu ambacho Tobias alimfundisha kukihesabu kwa pumzi, mama alikuwa peke yake jikoni, amesimama, anakula makombo kutoka kwenye sahani walizoziacha.

Raundi ya jiji ilifanyika Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Westlands. Watu walilia. Jaji mmoja alivua miwani akaipangusa kwa tai. Jacklyne alishinda kwa mbali, na kabla hatujafika kituoni Bwana Norman alikuwa ameiweka video kwenye ukurasa wa chuo, na maneno chini yake kwamba hapa ndipo sauti za wasio na sauti zinapofundishwa. Everlyn hakuwepo, Jumamosi ni siku ya kazi. Binti yake alimwambia jioni kwamba ameshinda na kwamba alizungumza juu yake. Everlyn alifurahi akanunua nyama. Hakuuliza alisema nini, kwa sababu kuna ubaya gani mtoto anaweza kusema?

Jumapili kanisani wanawake wa ushirika walimzunguka. Walikuwa wameiona video kwenye simu, na kila mmoja alimshika bega na kumwambia pole sana, vumilia dada, Mungu si Athumani. Yeye alidhani ni pole za kazi kwa jumla, kama watu wanavyopeana, akaitikia asante. Mmoja alimpa pakiti ya unga. Aliipokea akishangaa.

Jumatatu akaenda Loresho. Nayan alikuwa ametumiwa video ile na rafiki aliyeitambua nyumba kwa ile bembea iliyotajwa. Chanchal alimngoja Everlyn avae aprini yake, kisha akaiweka simu mezani mbele yake, akamwonyesha video yote. Hapo ndipo mama alipoisikia hotuba ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Ilipokwisha, Chanchal aliuliza swali moja tu.

"Everlyn, mimi nilikupa makombo lini?"

Mnaojua nyumba za aina hiyo mtaelewa kilichokuwa ndani ya swali. Katika nyumba ile chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu hakipewi mtu mwingine yeyote. Ni jambo la dini na ni jambo la heshima. Mke hali kwenye sahani ya mkwewe, mgeni hapewi kilichobaki kwenye sahani, wala mfanyakazi hapewi. Chakula cha Everlyn kilitengwa kutoka kwenye sufuria kabla mtu hajatia kijiko, na Ba mwenyewe ndiye aliyekuwa akikitenga. Kati ya matusi yote ambayo mtu angeweza kuitupia nyumba ile, na naamini kila nyumba ina yanayoistahili, Tobias aliokota lile moja ambalo haikustahili hata kidogo. Wala hakujua. Aliokota neno kwa sababu linasikika vizuri mwisho wa sentensi.

Everlyn angeweza kujibu. Angesema, huo ni uongo, Mama Nayan, hujawahi. Lakini hapo angekuwa amemwita mwanawe mwongo mbele ya watu ambao wamemjua tangu akiwa na meno ya maziwa. Angesema ndiyo, angekuwa mwongo yeye. Akanyamaza. Kwa kunyamaza kwake nyumba nzima ikaamini kwamba ndivyo alivyokuwa akiwasimulia watu huko Kangemi miaka yote hiyo. Hakufukuzwa. Alivua aprini, akaikunja, akaiweka kwenye kiti, akatoka. Ba alimwita kutoka kwenye bembea, na hakugeuka. Chanchal alipiga simu siku hiyo na siku zilizofuata, na simu haikushikwa.

Jacklyne alikuja chuoni akamkuta Tobias akipanga viti. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimweleza yote kama anavyotoa taarifa ya darasa, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, mama yangu naye nani atamsemea?"

Tobias alikuja kwangu baada ya hapo, akakaa kwenye stuli karibu na magunia ya unga. Nilimwekea sambusa za wanafunzi, akazitazama tu. "Millicent," aliniambia, "nimemvua mama wa watu nguo hadharani, na nilikuwa naona ninamvisha." Nilitaka kumwambia neno la kumpoza moyo, lakini nilikuwa nimekasirika naye, na sikulipata. Nilimwambia ukweli, kwamba aliharibu hotuba nzuri. Alitikisa kichwa kukubali. Wiki hiyo darasa lake lilikuwa kimya hata wanafunzi wangu wakauliza kama Mwalimu Tobias ni mgonjwa. Mara nyingine nilimsikia akimuuliza mwanafunzi aliyemaliza kuzungumza, "Hiyo ni kweli?"

Alikwenda kwanza kwa Everlyn, nyumbani kwake Kangemi, na mkate na sukari kama mtu anayekwenda matangani. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, na aliyasema yote, na mapumziko yake, na sauti ikishuka pale inapopaswa kushuka. Everlyn alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Mwalimu, unaongea vizuri sana," akamwambia. "Lakini mimi najua sikula makombo. Hukuja kuniambia kitu sijui. Enda uambie Mama Nayan."

Hakutaka kwenda peke yake. Nilifuatana naye mpaka Loresho, zaidi kwa hasira kuliko kwa urafiki, ili nihakikishe amefika. Tulikaribishwa. Tulikaa kwenye meza ya chakula, tukaletewa chai yenye tangawizi, na kupitia mlango wa baraza tulimwona Ba akibembea polepole na shali mabegani. Chanchal ni mwanamke wa umri wangu, ana macho ya mtu aliyezoea kuendesha duka. Alikunja mikono akangoja.

Tobias akaanza. "Kuna siku moja, nikiwa mtoto mdogo kule Kimilili," akasema, na mimi nikampiga teke chini ya meza, kwa nguvu, na sijutii. Alinitazama. Akafunga mdomo. Alipoufungua tena sauti ilikuwa nyembamba, sikuwahi kuisikia.

"Niliitunga mimi," akasema. "Jacklyne alikataa, nikamlazimisha. Mama yake hakujua chochote."

Chanchal akamgeukia Ba kule barazani, akamweleza kwa Kigujarati. Bibi kizee alisikia jina la Everlyn akauliza kwa Kiswahili chake, "Mulembe nakuja?"

"Nimekuskia," Chanchal alimwambia Tobias. "Na asante umekuja. Lakini hapa tuko watu wanne. Watu wa hekalu yetu wanauliza huyu mama mkwe wangu kama ni ukweli analisha watu makombo. Unaniambia mimi pole kwa meza yangu, hao watajua aje? Sema kule ulisema."

Kule kulimaanisha jukwaa la mashindano, na lililobaki lilikuwa la fainali, katika ukumbi mkubwa Upper Hill, mbele ya vyuo vyote. Jacklyne alikuwa ameshasema hapandi jukwaani tena, na Bwana Norman alikuwa ameshasema lazima apande. Tobias aliingia ofisini kwa mkurugenzi akamweleza anachotaka kufanya. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo hayo, maana Bwana Norman hahitaji ukuta wa mbao ili asikike. Alisema chuo hakitaaibishwa na mwalimu wake. Alisema mtu akifanya hivyo asirudi Jumatatu. Tobias alitoka akiwa ametulia kuliko nilivyomwona tangu mambo yaanze. Aliniambia atasema sentensi chache tu: kwamba neno lile lilikuwa lake, kwamba si kweli, kwamba anaomba radhi kwa nyumba mbili. Atasema na kushuka. Akanisomea. Zilikuwa sentensi nzuri, kavu, na nilimwambia asiongeze hata koma.

Mimi ndiye niliyemshawishi Everlyn aje. Nilimwambia ana haki ya kusikia jina lake likisafishwa. Alikuja na gauni lake la kijani na leso mabegani, akakaa karibu nami katika safu ya nyuma, na Jacklyne upande wake wa pili.

Jina la Jacklyne liliposomwa, Tobias alipanda. Minong'ono ilizuka. Akasimama mbele ya kipaza sauti akangoja watu wanyamaze, na nilipoona anavyongoja, niliogopa, kwa sababu kilikuwa kimya anachokijua. Alisema sentensi ya kwanza kama tulivyokubaliana. Ukumbi ukashusha pumzi. Na pumzi ile ikamnyanyua. Hakusema ya pili. Alianza kueleza ubao, chaki, msichana aliyesimama na begi mkononi akisema si makombo, mwalimu. Akataja Loresho. Akataja kiti ambacho aprini iliachwa juu yake. Sauti ilivunjika, na mpaka leo sijui kama ilivunjika yenyewe au aliivunja, na nimemuuliza, naye hajui. "Na mama huyo," akasema, akinyoosha mkono, "yuko hapa leo, ameketi kule nyuma."

Watu wote waligeuka. Simu ziligeuka pia. Everlyn alivuta leso juu ya uso wake, polepole, na nikahisi mwili wake ukipungua kando yangu. Ukumbi ulikuwa umesimama unapiga makofi. Jaji yule wa miwani alikuwa analia tena. Bwana Norman alipiga makofi kuliko wote, na Tobias aliposhuka alimkumbatia mbele ya kamera. Hakuna aliyetaja Jumatatu.

Nilimkuta nje kwenye maegesho, ameegemea ukuta. Alikuwa ameshajua alichofanya. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, na nilipomwona nikaishia kumshikia koti. "Nilisema sentensi ngapi?" aliniuliza, na sikumjibu, maana hakuwa anauliza.

Video hiyo ilienea kuliko ya kwanza. Watu wasiomjua walimwandikia kwamba amewatoa machozi, shule mbili za sekondari zilimwita aje awafundishe watoto ujasiri wa kukiri. Alikataa. Jambo moja jema lilitoka humo, na sitalificha: watu wa hekalu waliiona, na Chanchal akaja mwenyewe Kangemi, akaegesha gari mahali ambapo watoto waliligusagusa lote, akaingia kwa Everlyn. Wanawake hao wawili walizungumza mlango ukiwa umefungwa. Wiki iliyofuata Everlyn alirudi kazini, na Ba, niliambiwa, alimshika mkono asubuhi nzima asimwachie apike.

Tobias alishusha pumzi aliposikia habari hizo. Alianza kula tena sambusa za wanafunzi wangu na kuzikosoa. Akafuta neno kidonda katika mafunzo yake, na wanafunzi sasa wanazungumza juu ya nyuki na mashimo ya barabara, wanashindwa mashindano, na Bwana Norman ananuna. Nilidhani mambo yameisha. Yeye pia alidhani hivyo, ninavyoamini, kwa sababu siku tuliyokutana na Jacklyne kwenye ngazi alimuuliza kwa uso mkunjufu kabisa habari za mama.

Jacklyne alisema mama yuko salama. Kisha, kwa kuwa ni mtoto asiyejua kuishia hapo, akaongeza kwamba siku hizi mama hali tena chakula jikoni. Mama Nayan amesema ale mezani, pamoja nao, kwenye sahani za wageni. Anapakuliwa yeye kwanza, kabla ya Nayan, kabla ya Ba, na hakuna anayeanza mpaka wamwone ameweka tonge mdomoni. Wakija wageni wanamwita pia, ili wageni waone.

"Hiyo ni vizuri," Tobias alisema. "Si hiyo ni heshima?"

"Ni heshima, mwalimu," Jacklyne alisema. "Lakini wote wanamwangalia. Anasema chakula haipiti kwa koo. Anaguza kidogo anasema ameshiba. Zamani alikuwa anakula jikoni akimaliza kazi, anaongea na Ba, na alikuwa anashiba kabisa. Siku hizi anarudi nyumbani na njaa. Mimi humpikia ugali nikitoka hapa."

Tobias alifungua mdomo. Wanafunzi wengine walikuwa wanapanda ngazi wakitupita. Jacklyne alimsubiri kidogo kwa adabu, kisha akaenda darasani.